Talaka ya Mkono, Hukumu ya Kanisa na Amri ya Mahakama: Ndoa Moja Mbele ya Sheria Mbili

Na Mwandishi Wetu

Si jambo geni katika mahakama za mwanzo hapa nchini kumwona mwanamke akifika masjala na karatasi iliyoandikwa kwa mkono, yenye jina la mume, tarehe, majina ya mashahidi wawili na maneno machache ya kumwacha. Anachokuja kuomba ni mgawanyo wa nyumba waliyoijenga pamoja. Kwa imani yake, habari ya ndoa imekwisha: talaka imetamkwa, eda imekamilika, na jamaa zake wamekwisha kumpokea nyumbani. Karani anapomuuliza iliko hati ya Baraza la Usuluhishi wa Ndoa, ndipo anapotambua kwamba mbele ya dola yeye bado ni mke wa mtu.

Yuko mwingine ambaye hali yake ni kinyume cha hiyo. Huyu ni Mkatoliki mwenye amri ya talaka iliyopigwa muhuri wa mahakama, muda wa rufaa umepita, na mchumba mpya amepatikana. Anapofika kwa paroko kuandikisha ndoa, anaelezwa kuwa Kanisa linamhesabu kuwa bado ni mume wa mke wake wa kwanza, na kwamba muhuri wa hakimu haubadili jambo hilo.

Hakuna kati yao aliyedanganywa na mtu. Kila mmoja amefuata taratibu za mamlaka moja akidhani zinatosheleza mamlaka zote mbili. Makala haya yanaeleza mahali sheria za dini zinapokutana na Sheria ya Ndoa ya Tanzania Bara, mahali zinapoachana, na jinsi Zanzibar na Kenya zilivyoamua tofauti katika suala hilohilo.

Sheria ya mwaka 1971 ilivyopatikana

Kabla ya mwaka 1971 hapakuwa na sheria moja ya ndoa Tanzania Bara. Ndoa ya Kikristo na ile ya kiserikali zilikuwa na sheria zake, Waislamu walifuata fiqhi ya madhehebu yao, Wahindu walikuwa na utaratibu wao, na wananchi wengi zaidi waliongozwa na mila za makabila yao. Enzi za ukoloni, mashauri ya Waislamu katika sehemu za pwani yalisikilizwa na maliwali na makadhi. Mahakama hizo ziliondolewa na Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya mwaka 1963, iliyounganisha mfumo wa mahakama nchini. Sheria ya Kiislamu yenyewe haikufutwa. Ilichofutwa ni mahakama yake maalumu, na jukumu la kuitumia likahamia kwa mahakimu wa kawaida, wawe Waislamu au la. Mwaka 1964 Bunge lilitunga sheria ya kumwezesha Waziri kutangaza rasmi kanuni za Kiislamu ili mahakimu hao wawe na mahali pa kuzisoma.

Mwaka 1969 Serikali ilitoa Waraka Namba 1 wenye mapendekezo ya sheria moja ya ndoa kwa watu wote, na wananchi wakaalikwa kuujadili. Matokeo yake ni Sheria ya Ndoa Namba 5 ya mwaka 1971, ambayo sasa ni Sura ya 29 ya Sheria za Tanzania, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei, 1971. Kwa wakati wake ilikuwa hatua ya kijasiri. Nchi jirani zilizorithi mchanganyiko kama huo ziliendelea na sheria nyingi kwa miongo kadhaa baadaye.

Njia iliyochaguliwa inastahili kuelezwa kwa makini, kwa kuwa ndiyo chanzo cha mkanganyiko tuliouona masjala. Sheria haikuweka ndoa ya namna moja tu. Iliwaachia wananchi wafunge ndoa kwa namna ya Kiislamu, kwa taratibu za dini nyingine, kwa mila, au kiserikali, na ikawapa viongozi wa dini leseni za kufungisha ndoa kwa niaba ya dola. Mlango wa kuingilia ukawa mpana. Lakini mlango wa kutokea ulibaki mmoja. Kwa mujibu wa Sheria hiyo, ndoa hudumu hadi kifo, au hadi mahakama itoe amri ya talaka, ya ubatili, au ya kudhani kuwa mwenza amefariki. Talaka iliyotolewa nje ya mahakama haimo katika orodha hiyo, isipokuwa ile iliyopatikana nchi za nje, nayo hutambuliwa kwa masharti maalumu.

Ili pasiwe na shaka, Sheria ya Mamlaka ya Mahakama na Matumizi ya Sheria, Sura ya 358, inaeleza kwamba kanuni za mila na za Kiislamu hazitatumika katika jambo lolote ambalo Sheria ya Ndoa imekwisha kulitolea masharti. Wananchi wengi hawajapata kukisikia kifungu hicho, ingawa kimeamua hatima ya mashauri mengi.

Mkataba na sakramenti

Katika fiqhi ya Kiislamu ndoa ni mkataba. Una nguzo zake: mume na mke wasio na kizuizi, walii wa bibi arusi, mashahidi wawili, na tamko la kuoza na kukubali, mahari nayo ni haki ya mke. Kwa kuwa ni mkataba, una njia za kuvunjwa. Mume anaweza kutoa talaka, ambayo ikiwa ya kwanza au ya pili humruhusu kumrejea mkewe ndani ya eda. Mke anaweza kujivua kwa kurejesha mahari au sehemu yake, njia inayoitwa khului. Na kadhi anaweza kuivunja ndoa kwa fasakh, kwa mfano mume anaposhindwa kutoa matunzo au anapopotea. Waswahili wa pwani kwa sehemu kubwa ni wafuasi wa madhehebu ya Shafi, ambayo hayashurutishi mashahidi ili talaka iwe sahihi. Mashia Ithnaasheri wanashurutisha mashahidi wawili waadilifu. Kwa hiyo hata ndani ya Uislamu wenyewe, talaka ileile inaweza kuwa imepita kwa wengine na haijapita kwa wengine.

Kanisa Katoliki linaanzia mahali pengine kabisa. Mkusanyo wa Sheria za Kanisa wa mwaka 1983 unaiona ndoa kati ya wabatizwa kuwa ni sakramenti, na unaeleza katika kanuni ya 1141 kwamba ndoa iliyofungwa sawasawa na kukamilishwa haivunjwi na mamlaka yoyote ya kibinadamu, wala kwa sababu yoyote isipokuwa kifo. Kinachoitwa na watu "talaka ya Kanisa" si talaka. Baraza la hukumu la jimbo huchunguza jambo moja tu: je, siku ile ya arusi ndoa ilikuwapo? Pengine mmoja alilazimishwa, au alikuwa na ugonjwa wa akili uliomnyima uwezo wa kubeba wajibu wa ndoa, au alikusudia tangu mwanzo kutozaa. Likiridhika, hutangaza kuwa ndoa ilikuwa batili tangu awali. Hadi mwaka 2015 tangazo hilo lilihitaji hukumu mbili zinazokubaliana. Papa Francis aliondoa sharti hilo kwa waraka wake wa mwaka huo, na hukumu moja isiyokatiwa rufaa ikawa inatosha.

Makanisa ya Kiprotestanti kwa ujumla hayana mahakama za namna hiyo. Mengi huheshimu talaka ya mahakama, kisha huamua kichungaji kama mhusika ataruhusiwa kufunga ndoa nyingine kanisani.

Ukizilinganisha sheria hizi tatu, Sheria ya Ndoa haifanani kikamilifu na yoyote kati ya zile mbili za dini. Inakataa fikra ya Kikatoliki kwamba ndoa haivunjiki. Inakataa pia kwamba mume pekee anaweza kuivunja kwa kauli yake. Badala yake inauliza swali la tatu: je, ndoa hii imevunjika kiasi cha kutorekebishika? Uzinzi, ukatili, kutelekezwa kwa muda usiopungua miaka mitatu, kifungo kirefu, ugonjwa wa akili usiotibika na mengineyo ni ushahidi wa kuvunjika huko, na mahakama inapaswa kuupima. Tena, ombi la talaka haliletwi kabla ndoa haijatimiza miaka miwili, ila kwa ruhusa ya mahakama.

Daraja la kifungu cha 107(3)

Hapa ndipo penye kiini cha jambo, na ni mahali ambapo waandishi wa sheria ile walionyesha busara ambayo haisifiwi vya kutosha. Walijua kuwa Mwislamu aliyekwisha kutoa au kupokea talaka hawezi kuambiwa na hakimu kuwa hakuna kilichotokea. Walijua pia kuwa dola haiwezi kuliachia tamko la mtu mmoja liamue makazi ya watoto na hatima ya mali. Kifungu cha 107(3) kikajenga daraja.

Kinasema, kwa maelezo mafupi, kwamba mahakama itatamka kuwa ndoa imevunjika na itatoa amri ya talaka pale mambo matatu yanapothibitika: kwamba wanandoa walioana kwa namna ya Kiislamu; kwamba Baraza la Usuluhishi limethibitisha kushindwa kuwapatanisha; na kwamba, baada ya Baraza kutoa hati hiyo, mmoja wao amefanya tendo ambalo kwa sheria ya Kiislamu lingeivunja ndoa. Mambo hayo yakiwepo, hakimu hana hiari ya kuanza kuulizia ukatili au uzinzi. Talaka ya dini yenyewe inakuwa ushahidi wa mwisho.

Mfuatano wa matukio ndio unaowaponza wengi. Talaka inayozungumzwa ni ile iliyofuata baada ya hati ya Baraza. Yule mwanamke wa masjala alipewa talaka kwanza, tena nyumbani, na Baraza halikuhusishwa. Karatasi yake si bure. Inaweza kusaidia kuonyesha kuwa maelewano yamekwisha. Lakini haimvushi daraja. Atapaswa kurudi kwenye Baraza, mume aitwe, asikilizwe au akatae kuja, na hati itolewe, ndipo shauri lifunguliwe. Mahakama ya Rufani imekwisha kubatilisha mienendo ya mashauri yaliyoanza bila hati halali, hata baada ya wadaawa kutumia miaka katika ngazi za chini. Anayepata hasara kubwa katika kubatilishwa huko ni yule aliyekuwa anasubiri mgao au matunzo.

Baraza lenyewe lina asili inayofahamika katika dini. Kurani inaelekeza kuteuliwa kwa waamuzi wawili, mmoja wa upande wa mume na mwingine wa upande wa mke, pale mfarakano unapohofiwa. Kanisa nalo huwataka wachungaji na majaji wake wajiridhishe kwanza kuwa ndoa imeshindikana. Sheria ya mwaka 1971 iliagiza kila kata iwe na Baraza, na ikampa Waziri uwezo wa kuitambua kamati au chombo cha jumuiya kuwa Baraza la jumuiya hiyo. Kwa njia hiyo vyombo vya Waislamu, ikiwemo mabaraza yaliyo chini ya BAKWATA, pamoja na vile vya makanisa, vinafanya kazi ya kisheria. Sheikhe au mchungaji aliyeketi katika Baraza lililotambuliwa haamui talaka. Anasuluhisha, na akishindwa anaandika kuwa ameshindwa, akiongeza maoni yake akipenda. Barua yenye maneno "tumewaachanisha" si hati ya Baraza, hata ikiwa na muhuri wa msikiti. Kinachotakiwa ni fomu iliyowekwa na kanuni, nayo inasema jambo tofauti kabisa: kwamba usuluhishi umefanyika na haukufanikiwa.

Zipo hali chache ambazo Baraza haliwi sharti, kama vile mwenza aliyetoroka na hajulikani aliko, au aliyefungwa kifungo cha maisha au kisichopungua miaka mitano. Mahakama pia inaweza kuridhika kuwa kuna mazingira yasiyo ya kawaida yanayofanya usuluhishi usiwezekane. Mwanamke aliyekimbia kipigo asidhani kuwa ni lazima akaketi meza moja na mpigaji. Alieleze hilo katika maombi yake.

Nyumba ni ya nani

Tofauti kati ya sheria za dini na za dola huonekana wazi zaidi pale mali inapoguswa. Fiqhi ya Kiislamu haina dhana ya mali ya pamoja inayozaliwa na ndoa yenyewe. Kila mmoja anamiliki chake, na mali ya mke haiguswi na mume. Huo ni ulinzi mkubwa, na wanawake wa Ulaya hawakuupata hadi karne ya 19. Lakini kwa mke ambaye kazi yake ilikuwa kupika, kulea na kutunza nyumba, ulinzi wa mali asiyokuwa nayo haukumsaidia siku ya kuachwa. Alistahili mahari yake, matunzo ya eda na kitoka nyumba, basi.

Mwaka 1983 suala hilo lilifika Mahakama ya Rufani katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, wanandoa Waislamu wa Dar es Salaam. Majaji, akiwamo Jaji Mkuu Francis Nyalali, walikitazama kifungu cha 114 kinachozungumzia mali iliyochumwa kwa "juhudi za pamoja", wakauliza kama kazi za nyumbani ni juhudi. Wakajibu kuwa ni juhudi. Tangu siku hiyo mama wa nyumbani wa dini yoyote ana msingi wa kudai sehemu ya mali ya ndoa. Jambo lisilotajwa mara nyingi ni kwamba Bi Hawa mwenyewe hakupata mgao, kwa kuwa Mahakama iliona alikuwa ametapanya fedha alizopewa na mumewe kwa ajili ya mradi wa familia. Aliwafungulia njia wengine.

Mke wa pili, na umri wa bibi arusi

Sheria inadhania kuwa ndoa iliyofungwa kwa namna ya Kiislamu au kimila ni ya wake wengi au inaweza kuwa hivyo, na kwamba nyingine zote ni za mke mmoja. Wanandoa wanaweza kuigeuza ndoa yao kutoka aina moja kwenda nyingine kwa tamko la pamoja la hiari mbele ya jaji au hakimu. Kuna kizuizi kimoja: ndoa iliyofungwa kanisani haiwezi kugeuzwa kuwa ya wake wengi maadamu wote wawili wanaendelea kuwa Wakristo. Hili linawahusu wanaume wanaoamini kuwa kubadili dini kunatosha. Mume aliyefunga ndoa ya mke mmoja kisha akasilimu hajapata, kwa kusilimu kwake tu, ruhusa ya kuoa mke wa pili. Nikahi ya pili inaweza kuwa sahihi machoni pa sheikhe aliyeifungisha na bado ikawa batili mbele ya dola, na atakayebeba uzito wa ubatili huo ni mke wa pili. Palipo na ndoa ya wake wengi halali, wake wote wana hadhi sawa kisheria. Hakuna mkubwa wala mdogo.

Kuhusu umri, Sheria ya mwaka 1971 iliweka miaka 18 kwa mwanamume na 15 kwa mwanamke, ikaruhusu pia mahakama kushusha hadi 14 kwa sababu maalumu. Mwaka 2016 Mahakama Kuu, katika shauri lililofunguliwa na Rebeca Gyumi, ilitamka kuwa vifungu hivyo vinakiuka Katiba kwa kuwabagua wasichana. Serikali ilikata rufaa, na moja ya hoja zake ilikuwa kwamba vifungu vile vilikusudiwa kuvumilia mila na dini mbalimbali. Tarehe 23 Oktoba, 2019 Mahakama ya Rufani iliikataa rufaa hiyo, ikikumbusha kwamba sheria za mila na za Kiislamu hazitumiki katika mambo yaliyowekewa masharti na Sheria ya Ndoa, na ikatoa mwaka mmoja wa kufanya marekebisho. Mashauriano na viongozi wa dini kuhusu suala hilo yamekuwa marefu. Fiqhi huangalia baleghe zaidi kuliko idadi ya miaka. Sheria ya Kanisa Katoliki nayo inataja miaka 16 kwa mwanamume na 14 kwa mwanamke, ingawa inawapa maaskofu wa kila nchi uwezo wa kupandisha, na inamtaka padri asifungishe bila ruhusa ndoa isiyoweza kutambuliwa na sheria ya nchi. Kwa hiyo si kweli kwamba jambo hili linaigusa dini moja peke yake.

Kadhi wa Unguja, kadhi wa Mombasa

Sheria ya Ndoa haitumiki Zanzibar. Huko Mahakama za Kadhi ni sehemu ya mhimili wa mahakama, na sasa zinaongozwa na Sheria Namba 9 ya mwaka 2017 iliyochukua nafasi ya ile ya mwaka 1985. Kadhi wa Zanzibar anasikiliza ndoa, talaka, matunzo, malezi ya watoto, wakfu na mirathi ya Waislamu, na amri yake ni amri ya mahakama ya dola. Sheria ya mwaka 2017 iliongeza pia uwezo wa kushughulikia mali ya wanandoa pale mchango halisi unapothibitishwa, jambo ambalo wanawake wa Unguja na Pemba walilidai kwa muda mrefu. Mashauri ya Kiislamu yaliyoanzia kwa kadhi humalizikia Zanzibar. Katiba ya Zanzibar ya mwaka 1984 inayaondoa katika mamlaka ya Mahakama ya Rufani. Kwa hiyo Bi Hawa wa Bara si hukumu inayomfunga kadhi wa Mwanakwerekwe.

Bara, kadhi aliyeteuliwa na taasisi za Waislamu anaamua kwa ridhaa ya waliomwendea, na uamuzi wake hauna mkono wa dola wa kuutekeleza. Pendekezo la kumpa nafasi ya kisheria lilifika bungeni na kuondolewa mwaka 2015. Katiba ya Jamhuri ya Muungano, ibara ya 19, inaweka shughuli za uendeshaji wa jumuiya za dini nje ya shughuli za mamlaka ya nchi, na pande zote mbili za mjadala ule ziliitegemea ibara hiyohiyo.

Kenya ilifuata njia ya tatu, na sababu yake ni ya kihistoria. Mwambao wake, ukanda wa maili kumi, ulikuwa mali ya Sultani wa Zanzibar uliokodishwa kwa Waingereza tangu mwaka 1895. Oktoba 1963, ulipokuwa ukikabidhiwa kwa Kenya iliyokaribia uhuru, iliahidiwa kuwa mahakama za kadhi zitadumu. Ahadi hiyo imo katika ibara ya 170 ya Katiba ya mwaka 2010, lakini kwa mipaka: hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi, na ni pale tu wadaawa wote ni Waislamu na wamekubali kuamuliwa na kadhi. Ibara ya 24 inaruhusu haki ya usawa ipunguzwe kwa ajili ya sheria ya Kiislamu mbele ya kadhi, kwa kiasi cha lazima tu. Mwaka 2025 Mahakama ya Juu ya Kenya ilikipima kiasi hicho na kuamua kwamba watoto wa marehemu Mwislamu hawawezi kunyimwa urithi kwa sababu tu walizaliwa nje ya ndoa. Uamuzi huo ulipingwa na wanazuoni wengi wa pwani, na ni rahisi kuona kwa nini, maana fiqhi inahusisha urithi wa baba na nasaba inayotokana na ndoa.

Mirathi: hapa dini bado inatawala

Msomaji wa Bara asihitimishe kuwa sheria ya dini haina tena kazi mahakamani. Sheria ya Ndoa haikugusa urithi, na huko dini na mila zimebaki na nguvu kamili. Kuna sheria tatu: ya Kiislamu, ya kimila iliyotangazwa mwaka 1963, na Sheria ya Urithi ya India ya mwaka 1865 ambayo bado inatumika nchini. Mahakama huchagua kwa kutazama mwenendo wa maisha ya marehemu na nia yake: aliishije, aliswali wapi, alijitenga na mila za ukoo wake au alizishika.

Uchaguzi huo una bei inayohesabika. Tuchukue mume aliyekufa bila wosia, akaacha mke mmoja, watoto, na nyumba yake mwenyewe yenye thamani ya shilingi milioni 24. Kwa Sheria ya Urithi ya India, mjane anapata theluthi, yaani milioni 8. Kwa sheria ya Kiislamu anapata thumni, milioni 3, na kama wajane ni wawili watagawana hiyo thumni moja. Kwa kanuni za kimila za mwaka 1963, mjane mwenye watoto hana fungu lake. Hutunzwa na watoto wake kutokana na mafungu yao. Ndiyo maana mashauri mengi ya mirathi hugombania kwanza dini na mwenendo wa marehemu kabla ya kufika kwenye mali.

Mjane anayo mambo mawili ya kuyatanguliza kabla mgao haujaanza. Sehemu ya nyumba aliyochangia yeye mwenyewe si mali ya marehemu, hivyo haiingii katika mirathi, na akiwa na ushahidi autoe mapema kwa msimamizi. Na kwa Mwislamu, mahari ambayo haikulipwa ni deni la marehemu, hutolewa pamoja na madeni mengine kabla ya warithi kupata kitu. Wosia nao una mipaka inayotofautiana: Mwislamu anausia hadi theluthi ya mali yake, na si kwa mrithi isipokuwa warithi wengine wameridhia.

Mirathi ya Kiislamu na ya kimila hufunguliwa katika mahakama ya mwanzo ya eneo alikokuwa akiishi marehemu. Ile inayoangukia Sheria ya Urithi ya India hupelekwa mahakama ya wilaya, hakimu mkazi au Mahakama Kuu, kulingana na thamani na mazingira yake. Wosia unaweza kuhifadhiwa katika ofisi za Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini (RITA), ambako pia husajiliwa ndoa, ikiwemo iliyofungwa msikitini au kanisani, pamoja na amri ya talaka baada ya kutolewa na mahakama.